Swen Nater: mechi 60, ushindi 60, na hakuanza hata moja

Chukua karatasi uandike timu za kikapu alizochezea Swen Nater kwa mfuatano: Virginia, San Antonio, New York, Virginia tena, Milwaukee, Buffalo, San Diego, Los Angeles, kisha Udine huko Italia. Yote hayo kati ya 1973 na 1985. Mtu akikuonyesha orodha hiyo peke yake, utasema huyu alikuwa mkorofi, au mchezaji wa kawaida tu aliyekuwa akipitishwa mkono kwa mkono. Kisha akuonyeshe karatasi ya pili: aliongoza kwa ribaundi, yaani kudaka mipira iliyokosa kuingia, katika ligi mbili tofauti za kulipwa za Marekani, na hakuna mwingine aliyewahi kufanya hivyo. Akutolee na ya tatu: chuoni, kwa misimu miwili mizima, hakuwa miongoni mwa watano wa kuanza katika mechi hata moja.

Ni mtu mmoja huyo huyo.

Nater ni mzaliwa wa Uholanzi, lakini wapenzi wa kikapu wakitaja Mholanzi, wengi humtaja Rik Smits, yule jitu la futi saba na inchi nne kutoka Eindhoven aliyechukuliwa na Indiana akiwa wa pili katika drafti ya 1988 (utaratibu wa timu kuchagua wachezaji wapya kwa zamu), akacheza misimu 12 bila kuhama. Habari ya Smits utaisimulia dakika mbili tu. Ya Nater inataka mkae chini, kwa sababu kila hatua yake iliamuliwa na mambo mawili yasiyoonekana uwanjani: nani alikuwa mbele yake katika nafasi ya senta, yule mrefu anayecheza karibu na ringi, na nani alikuwa ameshika karatasi yenye jina lake. Ukizishika nyuzi hizo mbili, fundo lote linafunguka.

Alizaliwa Den Helder tarehe 14 Januari 1950. Den Helder ni mji wa bandari kaskazini mwa Uholanzi, makao ya jeshi la wanamaji. Wazazi wake waliachana, mama akaolewa tena na kuhamia Marekani, naye Swen na dada yake wakabaki kwenye kituo cha watoto yatima. Mama alikuwa hai, nauli ndiyo iliyokosekana. Walikutana naye tena Swen akiwa na miaka tisa hivi, tena mbele ya kamera: kipindi kimoja cha televisheni cha Marekani kiliwasafirisha watoto hao wawili kwa siri na kumshtukiza mama yao studioni. Picha hiyo hainitoki. Mtoto asiyejua neno la Kiingereza, kashushwa kutoka kwenye ndege, kaingizwa kwenye chumba chenye taa kali na watu wanaopiga makofi, na katikati ya makelele hayo yuko mama. Watazamaji walifurahia. Mtoto mwenyewe alielewa nini, sijui.

Alikulia California. Alikuwa mrefu lakini hakuwa mchezaji. Timu ya shule ya sekondari hakuichezea. Kikapu alikianza kwa dhati katika chuo kidogo cha Cypress, cha miaka miwili, umri ambao wenzake walikuwa wameshacheza tangu utotoni. Hapo mwili wa futi sita na inchi kumi na moja ukakutana na kazi yake. Kufikia 1971 alikuwa anatakiwa na UCLA, chuo cha Los Angeles kilichokuwa kinatawala kikapu cha vyuo chini ya kocha John Wooden.

Tatizo moja tu. Mwaka huo huo, kijana wa San Diego aitwaye Bill Walton alikuwa anaingia kikosi kikubwa cha UCLA. Wakati ule wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawakuruhusiwa kucheza timu kuu, kwa hiyo Walton alikuwa ameshasubiri mwaka mzima mlangoni, na kila mtu alijua anachokuja kufanya. Naye alikuwa senta, kama Nater.

Wooden hakumdanganya kijana. Alimwambia wazi kwamba dakika za kucheza zitakuwa chache, ila kila siku mazoezini atakabiliana na senta bora kuliko wote nchini. Nater akakubali. Wengi wetu tungekwenda chuo kingine chenye benchi tupu, na hakuna ambaye angetulaumu.

Misimu hiyo miwili, 1971-72 na 1972-73, UCLA ilicheza mechi 30 kila msimu na kushinda zote. Sitini kwa sitini, ubingwa mara mbili. Nater hakuwa miongoni mwa watano wa kuanza hata siku moja. Msimu wa pili alikuwa na wastani wa pointi tatu na kidogo kwa mechi. Halafu, kwenye drafti ya 1973, Milwaukee Bucks wakamchukua raundi ya kwanza, akiwa wa 16. Raundi ya kwanza, kwa mtu ambaye hakuanza hata mechi moja UCLA.

Waliona nini? Hapa ndipo mtu anayetazama takwimu peke yake hupotea. Mechi za UCLA zilikuwa rahisi. Vita halisi vilikuwa mazoezini, milango ikiwa imefungwa, na maskauti, yaani watafuta vipaji wa timu, walizisikia habari za vita hivyo. Walton angekuwa chaguo la kwanza la drafti mwaka uliofuata. Mtu anayesukumana naye kila alasiri kwa miaka miwili na kesho yake akarudi tena, huyo ameshapimwa.

Kwa ambaye hajacheza, nieleze kidogo ribaundi ni nini, maana ndiyo iliyomlisha Nater. Mpira ukirushwa ukakosa, hugonga ringi au ubao na kurudi. Anayeudaka ndiye amepata ribaundi. Watu hudhani ni suala la urefu na kuruka. Urefu unasaidia, lakini tazama kwa karibu: mpira ukishaondoka mkononi mwa mrushaji, senta mzuri hautazami kwanza. Anamtafuta mpinzani aliye karibu naye, anamgeuzia mgongo, anapanua miguu, anakaa kama mtu anayetaka kukalia kigoda, na kumfunga yule nyuma yake. Viwiko viko nje, mikono imeinuka kufikia mabega tayari. Ndipo anapoinua macho. Mpira uliorushwa kutoka pembeni mara nyingi hurukia upande wa pili, kwa hiyo anakuwa ameshasogea huko nusu hatua. Wooden aliwafundisha wachezaji wake wachukulie kwamba kila mpira utakosa, hata ukirushwa na fundi. Nater alilichukua somo hilo kama ibada. Hakuwa mrukaji wa ajabu. Alikuwa mtu wa kufika mahali kabla ya mpira.

Basi Milwaukee wamemchagua. Lakini pale Milwaukee, mwaka 1973, senta alikuwa nani? Kareem Abdul-Jabbar. Mtu ametoka miaka miwili nyuma ya Walton anaitwa akakae nyuma ya Kareem. Na wakati huo mlango wa pili ulikuwa wazi.

Mlango huo uliitwa ABA. Tangu 1967 Marekani ilikuwa na ligi mbili za kikapu za kulipwa: NBA ya zamani na ABA, mpinzani mchanga mwenye mpira wa rangi nyekundu, nyeupe na bluu na mstari wa pointi tatu, ambao NBA wenyewe waliuchukua baadaye, msimu wa 1979-80. Ligi zote mbili zilikuwa na drafti zake. Kwa hiyo kijana mmoja angeweza kuwa mali ya timu mbili kwa wakati mmoja, moja kila ligi, na akachagua inayolipa vizuri. Sisi tuliozoea usajili wa soka, ambako mchezaji husaini na anayekubaliana naye, lazima tuelewe hapa: katika ligi moja ya Marekani, timu iliyokuchagua ndiyo pekee inayoruhusiwa kuzungumza nawe. Huitaki, kaa nyumbani. Ligi ya pili ndiyo iliyowapa wachezaji pa kukimbilia, na mishahara ikapaa. Wamiliki walipotaka kuziunganisha ligi, wachezaji wa NBA wakiongozwa na Oscar Robertson walikwenda mahakamani mwaka 1970 kuzuia, na kesi ikaburuzwa miaka sita. Walijua wanachokitetea.

Nater akaenda ABA, kwa Virginia Squires.

Kama kungekuwa na timu ya kumfundisha mtu kwamba kandarasi haina huruma, ni hiyo. Squires walikuwa na vipaji vya ajabu na hawakuwa na fedha. Hawakuwa hata na mji mmoja. Mechi za nyumbani walizigawa kati ya miji ya jimbo zima. Waliishi kwa kuuza wachezaji, kama nyumba inayong'oa mabati ya paa ili ipate pesa ya mafuta ya taa. Kiangazi cha 1973 wakamuuza Julius Erving kwa New York Nets. Novemba, msimu ukiwa ndiyo kwanza umeanza, wakamuuza Nater kwa San Antonio Spurs kwa dola 300,000. Januari 1974 ikawa zamu ya George Gervin, naye kwa San Antonio, uuzaji ulioishia mahakamani. Watu watatu, miezi isiyozidi minane. Zingatia walikokwenda: Nets na Spurs. Tutakutana nazo mbele.

San Antonio ilikuwa timu mpya mjini, imehamia kutoka Dallas mwaka huo huo. Na hapo, kwa mara ya kwanza tangu Cypress, hakukuwa na mtu mbele yake. Nater aliyekuwa benchi miezi michache nyuma akawa mchezaji bora chipukizi wa ABA. Msimu uliofuata, 1974-75, aliongoza ligi kwa ribaundi 16.4 kwa mechi. Kwangu mimi miaka hiyo miwili ndiyo jibu kwa wale wanaosema UCLA ilimpotezea muda.

Kisha Spurs wakambadilisha na Nets kwa Larry Kenon, 1975. Nets hawakumweka hata msimu mmoja. Katikati ya msimu, mapema 1976, wakamrudisha Virginia wapate senta mwingine, Jim Eakins. Nyumba ile iliyomuuza ikiwa na njaa ikampokea tena ikiwa mahututi. Squires walimaliza msimu huo wakiwa wameshinda 15 na kupoteza 68, na mwezi Mei wakafutwa kwa kushindwa kulipa mchango wao kwa ligi. Nets, bila Nater, wakachukua ubingwa wa mwisho wa ABA.

Tarehe 17 Juni 1976 ligi mbili zikakubaliana. Kesi ya Robertson ilikuwa imemalizwa kwa maafikiano, na njia ikawa nyeupe. Timu nne za ABA zikaingia NBA kwa kiingilio cha dola milioni 3.2 kila moja: Denver, Indiana, Nets, Spurs. Mbili zilizoachwa nje zililipwa. Wamiliki wa St. Louis walichukua dola milioni 2.2 pamoja na kitu kilichoonekana cha upuuzi siku ile: sehemu ya saba ya fedha za televisheni za kila moja ya zile timu nne, milele. Televisheni ikakua, na fungu hilo likawaingizia mamia ya mamilioni ya dola kutoka kwa timu isiyokuwepo, mpaka NBA ikawalipa takriban milioni 500 mwaka 2014 ili walitoe karibu lote. Kentucky wao walitaka chao taslimu, milioni tatu. Virginia hawakupata senti, kwa kuwa walikufa wiki chache kabla ya sherehe.

Sasa mtazame Nater katika hesabu hiyo. Alichezea Spurs, waliingia. Alichezea Nets, waliingia. Siku mlango unafunguliwa, yeye alikuwa Virginia.

Alikoangukia ni Milwaukee, timu ileile iliyokuwa imemchagua miaka mitatu nyuma. Kareem alikuwa ameshaondoka, kapelekwa Los Angeles Lakers mwaka 1975, na Bucks walikuwa na pengo kubwa katikati. Tarehe 19 Desemba 1976, dhidi ya Atlanta, Nater alifunga pointi 30 na kudaka ribaundi 33. Thelathini na tatu. Hata Kareem hakuwahi kufikisha hapo akiwa na jezi ya Milwaukee.

Ungedhani hapo atatulia. Mwaka 1977 Milwaukee wakambadilisha na Buffalo Braves ili wapate chaguo la tatu la drafti, wakalitumia kumchukua Marques Johnson, kijana mwingine wa UCLA. Kibiashara walifanya vizuri. Johnson akawa nyota wao.

Na Buffalo je? Mmiliki alikuwa John Y. Brown, tajiri aliyeukuza mgahawa wa kuku wa Kentucky ambao leo uko hadi Nairobi na Dar es Salaam. Huyu ndiye aliyekuwa mwenye timu ya Kentucky, yule aliyechukua milioni tatu taslimu. Fedha hizo alizitumia kununua sehemu ya Buffalo. Mwaka 1978 akafanya jambo ambalo hata katika ligi hii ya ajabu lilikuwa la ajabu: yeye na Irv Levin, mmiliki wa Boston Celtics, wakabadilishana timu. Levin alitaka timu ya California, lakini NBA isingekubali Celtics waondoke Boston. Kwa hiyo Brown akaichukua Boston, Levin akaichukua Buffalo na kuihamishia San Diego, ikaitwa Clippers. Nater hakuuzwa wala hakubadilishwa. Timu yenyewe ndiyo iliyohama chini ya miguu yake.

Safari hii kuhama kulimfaa. Alirudi California, akiwa na miaka 28, na wakati wake ulikuwa umewadia.

Mwaka 1979 Clippers wakafanya usajili mkubwa kuliko wote waliokuwa wamefanya hadi siku hiyo. Walimleta kijana wa nyumbani, mzaliwa wa eneo la San Diego, bingwa wa NBA wa 1977 na mchezaji bora wa ligi wa 1978, na kanuni za wakati huo zikawalazimu kuwalipa Portland, timu aliyotoka, fidia ya wachezaji na chaguo la drafti. Jina lake, Bill Walton.

Sijui Nater alijisikiaje siku ile habari ilipotoka. Ningekuwa mimi ningecheka, kwanza kwa uchungu. Miaka sita baada ya kuondoka UCLA, kazunguka nchi nzima, na mtu uleule kaja tena kusimama mbele yake. Lakini miguu ya Walton ilikuwa imeshavunjika mara nyingi mno. Msimu wa 1979-80 alicheza mechi 14 tu, kisha misimu miwili iliyofuata hakucheza kabisa. Senta aliyecheza usiku baada ya usiku alikuwa Nater, na mwisho wa msimu huo aliongoza NBA nzima kwa ribaundi 15.0 kwa mechi, mbele ya Moses Malone. Tarehe 14 Desemba 1979, huko Denver, alidaka ribaundi 18 za upande wa ulinzi katika nusu moja ya mchezo.

Inafaa kuwa waangalifu hapa. Ribaundi ni takwimu inayotegemea wenzako na wapinzani: timu ikicheza kwa kasi na watu wakikosa sana, mipira ya kudaka huongezeka, na Clippers hawakuwa na mlinzi mwingine wa ndani wa kugombania nao mara kwa mara. Mtu anayetaka kumpunguzia Nater anaweza kuanzia hapo. Lakini aliongoza ABA akiwa na timu moja, mtindo mmoja wa mchezo, wenzake fulani. Akaongoza NBA miaka mitano baadaye na vyote hivyo vikiwa tofauti. Kilichobaki vilevile ni mgongo ule, na miguu ile iliyopanuka.

Goti lilianza kumwangusha msimu wa 1981-82, na uliofuata alicheza mechi chache sana. Oktoba 1983 Clippers wakamtoa kwa Los Angeles Lakers pamoja na haki za kijana Byron Scott, wakapata Norm Nixon. Kila aliyeandika habari za mabadilishano hayo aliandika juu ya Scott na Nixon. Nater alikuwa nyongeza.

Na pale Lakers, aliyekuwa senta wa kuanza ni Kareem Abdul-Jabbar. Kiti ambacho Milwaukee walimwekea mwaka 1973, akakikwepa kwa kupitia Virginia, San Antonio, New York, Buffalo na San Diego, alikikalia mwaka wa kumi na moja. Alikuwa mchezaji wa timu hiyo mwezi Aprili 1984 Kareem alipompita Wilt Chamberlain na kuwa mfungaji bora wa wakati wote, na Juni mwaka huo Lakers walipopoteza fainali kwa Boston katika mechi ya saba. Huo ukawa msimu wake wa mwisho NBA. Akaenda Udine mwaka mmoja, akarudi.

Baada ya hapo alifundisha kikapu katika chuo kidogo cha Kikristo San Diego, kisha akafanya kazi ya ununuzi wa bidhaa za michezo katika kampuni ya maduka makubwa, na hakuacha kuwasiliana na kocha wake wa zamani. Aliandika mashairi kadhaa kwa ajili ya Wooden, na pamoja na mtafiti wa elimu akaandika kitabu juu ya namna mzee huyo alivyofundisha: jinsi mazoezi yalivyopangwa dakika kwa dakika, maneno machache, kosa likisahihishwa papo hapo. Wachezaji wengi wa UCLA wangeweza kuandika juu ya mechi walizoshinda. Kuhusu mazoezi, nani aliyajua kumpita yeye?